Shajara ya mradi: mlango wa gereji, Bombo, Uganda, Machi hadi Aprili 2025

Jumanne, 4 Machi

Kazi mpya: mlango wa gereji ya magari mawili hapa Bombo, kwa mzee mstaafu wa jeshi na mke wake, Hajati. Mlango ni wa vipande vinne vya chuma vilivyoshikana kwa bawaba, upana mita 4.88, kimo mita 2.13. Unapanda kwenye reli na kulala chini ya dari. Lalamiko lao ni kwamba mota inanguruma, mlango unapanda hadi usawa wa magoti, unatetemeka, kisha unashuka wenyewe. Wanachoomba ni mota mpya yenye nguvu zaidi, tena iwe ya kufunguliwa kwa simu, maana binti yao anayeishi Kampala ameiona kwa jirani yake kule Najjera.

Kabla ya kuzungumza bei nilipanda ngazi na tochi. Juu ya mlango kuna shafti ndefu yenye springi mbili nene, moja kila upande wa bamba la katikati. Ile ya kushoto ina pengo la vidole viwili kati ya mizunguko yake. Imekatika. Asiyejua atadhani ndivyo ilivyotengenezwa, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyeliona.

"Mzee, mota yako haijafa," nikamwambia. "Inabebeshwa mzigo usio wake."

"Mwanangu, kwani kazi ya mota si kuinua mlango?"

"Hapana, Mzee. Wanaoinua ni hawa wawili hapa juu, na mmoja amekatika."

Nilimweleza taratibu, kwa sababu swali lake ndilo swali la wateja wangu karibu wote. Ukifunga mlango wa namna hii, springi zinajikaza na kuweka nguvu. Ukifungua, zinairudisha nguvu ile ile. Mota inabaki na kazi ya kusukuma na kuvuta kidogo tu. Mlango uliosawazishwa vizuri mtoto wa darasa la sita anauinua kwa mkono mmoja, umeme ukiwepo au usiwepo. Mtu akiweka mota kubwa juu ya springi mbovu, mota itavumilia miezi kadhaa, kisha zitatafunika gia zake, au kebo itakatika na mlango wote ushuke. Watu wananunua mota mara mbili, mara tatu, na ugonjwa haukuwa kwenye mota.

Mlango ukiwa umefungwa nilivuta ile kamba nyekundu inayotenganisha mlango na mota. Narudia, ukiwa umefungwa. Kamba hiyo haivutwi mlango ukiwa juu wakati springi imekatika, kwa sababu utaanguka kwa uzito wake wote. Mimi na kijana wangu tukajaribu kuuinua kwa mikono. Ulitoka sakafuni kidogo na tukaurudisha. Uzito ule haulingani na mlango wa kiwandani wa ukubwa huu, hata ukihesabu springi moja iliyokufa. Kuna kitu kingine.

Tumeutia komeo. Magari yatalala nje hadi nitakaposema. Hajati ameahidi kuwazuia wajukuu wasiingie gereji.

Jumatano, 5 Machi

Tumeanza asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, maana wote tumefunga.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuilegeza springi ya kulia, ambayo bado ilikuwa imekaza. Hapa nasema na mafundi wenzangu zaidi kuliko na wenye nyumba. Springi hii huishikilii kwa bisibisi, wala kwa kipande cha nondo ulichookota kwenye ujenzi. Koni yake, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa springi kinachoishika kwenye shafti, ina matundu manne, na yanataka fito mbili za chuma kigumu za nusu inchi zinazoingia hadi mwisho bila kucheza. Fito moja inashika, nyingine inaingia, unaachia robo mzunguko, unabadilishana. Unasimama pembeni, uso hauko mbele ya fito. Bisibisi ikichomoka, nguvu iliyokuwa inabeba nusu ya mlango inakuja mkononi au usoni kwako. Mwenye nyumba asiguse kabisa koni zile, na hili siwezi kulilegeza hata kwa mteja anayejiamini.

Springi zilipokuwa hazina nguvu tukaupima mlango. Unaunyanyua kwa wenzo, unaingiza mizani ya bafuni mbili, moja kila upande, unauteremsha juu yake na kujumlisha. Tumepata kilo 131.

Mzee mwenyewe ndiye aliyekumbuka. Miaka kadhaa nyuma kulikuwa na wizi mtaani, akamwita fundi wa kuchomelea aongeze bati la chuma kwa ndani kwenye vipande viwili vya chini ili mwizi asipasue. Nimelipima bati: unene milimita 1.2. Chuma cha unene huo kina uzito wa kilo 9.4 hivi kwa kila mita ya mraba, na vipande viwili vina mita za mraba 5.2. Hizo ni kilo 49 zilizoongezwa kwenye mlango ambao springi zake zilichaguliwa kiwandani kubeba kilo 82 au karibu na hapo.

Kwa hiyo hadithi iko wazi. Bati liliongezwa, springi hazikubadilishwa, mota ikafidia tofauti kila siku hadi springi moja iliposalimu amri. Springi za kawaida huhesabiwa kwa mizunguko 10,000 ya kufungua na kufunga. Nyumba inayofungua mara nne kwa siku inaifikia idadi hiyo kwenye mwaka wa saba.

Nimempa Mzee njia mbili. Moja, kubaki na bati na kuagiza springi kubwa, kebo nene zaidi na kuongeza nguvu kwenye fremu yote. Mbili, kuondoa bati na kuweka makomeo mawili ya ndani yanayoingia kwenye reli, ambayo kwa mwizi ni kikwazo kikubwa kuliko bati, kwa sababu mlango huu haupasuliwi katikati, hunyanyuliwa kutoka chini. Alikaa kimya akifikiria. Akasema, "Ondoa." Nimefurahi sana. Kilo 49 za chuma zinazopanda juu ya vichwa vya watu kila siku bila faida si jambo la kuliacha.

Vipimo vya springi nimevichukua leo leo. Unapima mizunguko kumi iliyobanana kwenye sehemu nzima: nimepata milimita 62.5, maana yake waya una milimita 6.25. Kisha kipenyo cha ndani, urefu wa springi ikiwa imelegea, na upande inaozungukia, kwani ya kushoto na ya kulia hazibadilishani. Duka lisilokuuliza mambo haya manne usinunue kwao.

Jumamosi, 8 Machi

Kampala. Duka moja la mjini linaloagiza vifaa hivi kutoka Afrika Kusini limekubali vipimo vyangu, springi mbili, kebo mbili mpya na roli za plastiki ngumu zenye beringi. Nimeagiza springi mbili ingawa ya kulia haijakatika. Zote zimefanya kazi ile ile kwa muda ule ule, na ya kulia itafuata.

Nilipita Katwe kutafuta engo laini, yaani chuma cha pembe, na makomeo. Katwe utapata karibu kila kitu cha chuma, na mafundi wake nawaheshimu mno. Mmoja aliniambia niache springi iliyokatika aichomelee, nitaokoa pesa za Mzee. Nilikaa naye tukazungumza. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa kipimo ili kijipinde na kurudi. Moto wa kuchomelea unaua sifa hiyo palepale kwenye kiungo, na pembeni yake chuma kinabaki kikavu na rahisi kuvunjika. Ingeweza kushika siku ya kwanza. Siku itakapoachia, mtu yuko chini yake. Alinielewa na akaniuzia engo laini safi, futi 16, isiyo na kutu.

Jumatatu, 10 Machi

Bati limeondolewa. Chini yake kumejaa kutu, maji ya mvua yalikuwa yanaingia kwa juu na kukosa pa kutokea. Tumesugua, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukaacha ikauke. Mizani sasa inasoma 82.

Bawaba nne zina matundu yaliyopanuka, nimezibadilisha. Mpira wa chini pia, panya wameula.

Alhamisi, 13 Machi

Leo ni habari za umeme. Mvua za msimu zimefika, jana usiku kulinguruma hadi usiku wa manane, na nilikuja kupima nikiwa na swali moja kichwani: mota ya aina gani itaishi hapa?

Kwanza niieleze ya zamani. Mtoto wao mkubwa aliituma kutoka Marekani. Ni mota nzuri kabisa, lakini imetengenezwa kwa umeme wa volti 120 na hezi 60 (yaani unaopiga mara 60 kwa sekunde), na sisi Uganda tuna volti 240 na hezi 50. Aliyeifunga aliweka transfoma ya kushusha volti hadi 120, na hapo alifanya vizuri. Lakini transfoma inabadilisha volti tu, hezi zinabaki zile zile. Mota ya aina ile ikipewa hezi 50 inazunguka polepole kwa karibu asilimia 17, na volti 120 kwa hezi 50 ni nyingi kuliko inavyotaka, hivyo chuma chake cha ndani kinapata moto. Ingependa volti 100 hivi. Ongeza kilo 49 za bati juu ya hayo. Nashangaa imevumilia hivi.

Jambo la pili ni rimoti. Zile za Marekani nyingi zinatumia megahezi 315 au 390. Huku vifaa vyetu ni vya 433.92. Rimoti yao moja ilipopotea hawakupata ya kufanana nayo dukani Kampala, wakabaki wakipokezana moja iliyosalia. Nawaambia wenye ndugu ughaibuni: jamaa akitaka kukutumia mota ya mlango, mwambie atume pesa, ununue kifaa cha volti 240 ambacho fundi wa hapa ana vipuri vyake.

Nimepima soketi ya gereji: asubuhi volti 236, saa mbili usiku, watu wakiwa wamewasha kila kitu, 198. Kukatika kwa umeme ni jambo la kila wiki. Nondo ya ardhini ya nyumba ipo, lakini waya wake umelegea kwenye klampu na umeshika ukijani.

Uamuzi wangu ni mota ya volti 24 inayokula moja kwa moja kwenye betri. Umeme wa ukutani kazi yake ni kuchaji tu. Volti zikishuka usiku mlango haujui, umeme ukikatika mlango haujui. Betri ni mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo. Mzee aliuliza kama tusubiri Aprili, kwa vile UEDCL, kampuni ya serikali, itachukua usambazaji wa umeme kutoka kwa kampuni iitwayo Umeme tarehe mosi, labda mambo yatabadilika. Nikamwambia mlango wa betri hauna haja ya kusubiri mkataba wa mtu yeyote, na radi haifuati mkataba.

Radi ndiyo inayoua bodi za mota katika nchi hii kuliko uchakavu. Si lazima ipige nyumba. Ikipiga nguzo mbali, umeme unaruka kwenye waya na kuingia hadi kwenye bodi. Nimefanya mambo matatu. Nimesafisha na kukaza waya wa nondo ya ardhini. Nimeweka kwenye sanduku kuu la umeme kifaa cha kuupeleka umeme wa ghafla ardhini. Nimempa mota breka yake pekee na soketi yake, na ndani ya plagi nimeondoa fyuzi ya ampea 13 nikaweka ya 3, kama maelekezo ya mota yanavyotaka. Waya wa ekstensheni uliokuwa umening'inia kutoka jikoni nimeutoa kabisa.

Jumatatu, 17 Machi

Springi zimefika. Nimezipima tena kabla ya kulipa salio, ziko sawa.

Leo ndiyo siku niliyokuwa naisubiri. Shafti imeshushwa, beringi ya katikati imebadilishwa, springi zimeingia kila moja upande wake, drami (yale magurudumu ya kukunja kebo kwenye ncha za shafti) zimerudi, kebo mpya zimepita nyuma ya roli na kukaa kwenye mifereji ya drami bila kupandana. Kisha nikapiga mstari wa chaki kwenye kila springi, mnyoofu kutoka mwisho hadi mwisho. Ukianza kukaza, chaki inajizungusha kama mshipi, na kila mshipi ni mzunguko mmoja kamili. Usipopiga chaki utapoteza hesabu katikati ya kazi, mikono ikiwa imechoka. Mlango wa kimo hiki wenye drami za inchi nne unataka mizunguko saba na nusu, maana yake robo mizunguko thelathini kila springi. Kijana wangu alihesabu kwa sauti, na nilimtaka asinyamaze hata mara moja.

Niliuacha mlango na klampu kwenye reli wakati wote wa kukaza, usije ukaruka.

Halafu jaribio. Bila mota. Nimeuinua kwa mkono hadi katikati na kuachia. Ukateremka taratibu kama shubiri na kusimama. Nimeongeza robo mzunguko kila upande. Nikauinua tena katikati, nikaachia. Umesimama. Nikaupeleka robo ya njia, ukasimama. Robo tatu, ukasimama. Nikamwita Hajati.

"Nije kufanya nini, fundi? Mimi mtu mzima, mgongo huu."

"Njoo uinue mlango, Hajati. Mkono mmoja."

Aliinama, akashika mpini, akauinua hadi juu ya kichwa chake. Akaniangalia mimi, akaangalia mlango, akaushusha, akauinua tena. "Sasa hii mota ni ya nini?" akauliza. Ndilo swali nililotaka mtu wa nyumba hii aulize.

Alhamisi, 20 Machi

Mota imepanda. Dari ni zege, kwa hiyo bolti za kupanuka zimeshika bila wasiwasi. Reli ya mota iko katikati kabisa ya mlango, nimeipima kwa timazi. Mkono wa mota unashika kipande cha juu, na kipande hicho ni bati jembamba lenye povu ndani. Ukifunga mkono pale bila kuimarisha, baada ya muda bati linakunjika katikati. Ile engo laini ya Katwe imelala upande hadi upande na kufungwa kwa bolti.

Matundu yote ya boksi la mota nimeyaziba kwa silikoni, nikaacha tu njia ya hewa yenye wavu. Mijusi wanapenda joto la bodi, wanaingia, wanagusa nyaya mbili kwa mara moja, bodi inakufa na wao wanakufa. Sisimizi ni wabaya zaidi, wanahamia na mayai yao.

Nilichojifunza leo kimetoka kwa Hajati. Wakati nafunga sensa za macho, zile mbili zinazotazamana chini ya mlango, moja ikituma mwali na nyingine ikiupokea, ili mlango usishuke juu ya kitu, aliniambia, "Hizo ndizo zilizokuwa zinatusumbua hata kabla mlango haujaharibika. Jioni unagoma kufunga. Unashuka, unarudi juu. Asubuhi hauna neno. Na kuna miezi unaacha kabisa."

Kuna miezi unaacha. Nilitoka nje nikasimama kwenye lango la gereji. Gereji inatazama kaskazini, kwa hiyo sensa zinatazamana mashariki na magharibi, na ya kupokea ilifungwa kwenye nguzo ya mashariki ikitazama magharibi. Leo ni 20 Machi. Wiki hizi, na tena Septemba, jua linazama magharibi kamili. Saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati watu wa nyumba wanakimbilia futari, jua linaingia moja kwa moja kwenye jicho la sensa na kulipofusha, na sensa iliyopofuka inauambia mlango kwamba kuna mtu. Juni na Desemba jua limesogea pembeni, mlango unatulia. Familia hii imeishi na jambo hili muda wote huo wakidhani ni mota.

Nimezibadilisha nafasi: ya kutuma mashariki, ya kupokea magharibi ikitazama mashariki, ambako ukuta wa jirani unazuia jua la asubuhi. Kimo chake sentimita 12 kutoka sakafuni. Isizidi 15, mtoto anayetambaa lazima aonekane. Jioni tulibaki hadi jua linazama. Mlango umefunga bila kusita, na adhana ikatukuta tukikusanya vifaa. Tumefuturu hapo hapo.

Jumamosi, 22 Machi

Rimoti. Tatu mpya, za msimbo unaobadilika kila unapobonyeza, ili anayenasa mawimbi ya jana asiweze kuyatumia leo. Teknolojia ya namna hii iliyoenea zaidi, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980 na kuuzwa kwa kampuni ya Marekani ya Microchip mwaka 1995. Baada ya kuziingiza nimewaonyesha jinsi ya kufuta kumbukumbu yote ya mota na kuanza upya. Dereva akiondoka na rimoti, au gari likiuzwa na rimoti ikisahaulika ndani, unafuta siku hiyo hiyo. Inachukua muda mfupi kuliko kubadilisha kitasa.

Binti amekuja kutoka Kampala kwa ajili ya simu. Kifaa cha Wi-Fi kimefungwa na kinafanya kazi. Tumejadiliana kwa urefu, naye ni mtu makini. Kuona kwamba mlango umefungwa ukiwa kazini ni jambo zuri. Kuufunga ukiwa kazini, huoni nani yuko chini yake, ni jambo jingine. Kanuni za usalama za Marekani zinataka mlango unaofungwa kwa mbali ulie na kuwasha taa kwanza kabla haujasogea. Mota hii inafanya hivyo, nimehakikisha. Hata hivyo nimemwomba aache ruhusa ya kufunga kwenye simu ya baba yake na mama yake peke yao, na yeye abaki na ya kuona na kupata taarifa. Amekubali. "Kaka, mimi nilitaka tu nijue wazee wamelala mlango ukiwa umefungwa," alisema.

Jumanne, 25 Machi

Majaribio ya usalama. Haya siyaruki kwa mteja yeyote, hata akiwa na haraka.

Ubao wa unene wa milimita 38 umelala sakafuni katikati ya mlango. Mlango umeshuka, umeugusa, umerudi juu mara moja. Kwa nini ubao na siyo mkono wangu? Kwa sababu mlango ukibana kitu chembamba karibu na sakafu, mota nyingi zinadhani zimefika mwisho na kuendelea kukandamiza. Marekani ililazimisha mota zote za nyumbani ziwe na kinga ya kubana kuanzia Januari 1993, baada ya watoto kufa chini ya milango hii. Ulaya wana kanuni ya EN 12453: mlango ukigonga mtu, nguvu isizidi nyutoni 400, na ilegee kabla ya robo tatu ya sekunde kupita.

Nyutoni 400 ni kama kilo 40. Kwa hiyo nimeweka mizani ya bafuni juu ya matofali, ubao juu yake, kijana akarekodi sindano kwa simu wakati mlango unashuka. Tumerudisha picha polepole: sindano imefika 28 na kurudi. Hii si mashine ya maabara, lakini inaniambia niko upande ulio salama, na picha hiyo nimemtumia Mzee aiweke.

Mguu mbele ya sensa: umerudi. Nimezima breka: mlango umeendelea na betri, kama kawaida. Nimetenganisha mota na kuinua kwa mkono: mwepesi.

Gereji hii haina mlango mwingine wa kuingilia. Betri zikiisha kabisa na umeme haupo, ungebaki nje na funguo za gari zako. Nimefunga kitasa kidogo cha nje chenye kebo inayovuta lachi ya mota, ile ile inayovutwa na kamba nyekundu. Ufunguo mmoja kwa Mzee, mwingine kwa Hajati. Usiwekwe kwenye shada moja na rimoti.

Mafunzo tumeyafanya na watu wote wa nyumba, pamoja na askari wa lango na wajukuu. Wajukuu wameambiwa rimoti si ya kuchezea na hakuna kukimbia chini ya mlango unaosogea. Mkubwa wao aliuliza kama anaweza kuvuta ile kamba nyekundu. Nikamvutia mlango ukiwa umefungwa, akaona unavyofanya kazi, hamu ikaisha.

Jumanne, 1 Aprili

Simu na Mzee. UEDCL imechukua mtandao leo, mkataba wa Umeme ulioanza 2005 umefika mwisho. Kwake umeme ulikatika jana jioni na kurudi usiku. Mlango umefunguka na kufunga wakati wote huo. Aligundua kwamba umeme haupo alipoingia ndani.

Jumamosi, 12 Aprili

Ukaguzi baada ya mvua kubwa za wiki hizi. Springi zimelegea kidogo, kama springi mpya zinavyofanya. Nimeongeza robo mzunguko upande mmoja na mlango umerudi kusimama katikati. Bolti za bawaba nimezikaza. Maji hayajaingia kwenye boksi, hakuna mjusi. Chaji ya betri inasoma volti 27.3, ndiyo inayotakiwa.

Mtu wa nyumba, kwa nia njema, amepaka grisi kwenye reli. Vumbi jekundu la murramu tayari limeganda humo na kuwa kama msasa. Tumefuta yote kwa kitambaa na mafuta ya taa. Reli zinataka kuwa safi na kavu. Oili nyepesi inaenda kwenye springi, bawaba na beringi za roli, kidogo tu, kila baada ya miezi mitatu. Nimemwandikia askari kwenye karatasi na kuibandika ukutani, pamoja na jaribio moja la kila mwezi: mlango ufungwe, kamba nyekundu ivutwe, uinuliwe hadi katikati kwa mkono. Ukisimama, endeleeni. Ukishuka au ukipanda wenyewe, acheni kuutumia, nipigieni.

Mota ya zamani nimemrudishia Mzee pamoja na transfoma yake. Gia zake ni nzima. Amesema atampa shule ya ufundi iliyo karibu wanafunzi waifungue, na nimejitolea kwenda kuwaelekeza.

Kazi ya mlango imefungwa. Hajati sasa anataka niangalie geti la mbele la kuteleza. Kiwanja ni futi 50 kwa 100, ukuta wa upande wa kulia una nafasi ya kutosha geti kurudi nyuma, lakini msingi wa reli umepasuka mahali pawili na meno ya reki, ule upau wa chuma unaosukumwa na mota, hayakai sawa na gia. Nimemwambia tutaanza na zege. Vipimo vya msingi nitachukua Jumatano mvua ikiruhusu.